Volti zimepotelea wapi? Kutafuta hitilafu kwenye saketi, vipimo na hesabu za nishati

Volti moja ni juli moja kwa kila kulombi ya chaji inayopita. Ukiishika sentensi hiyo, kutafuta hitilafu kunakuwa kazi nyepesi. Kila mahali volteji inaposhuka, hapo ndipo nishati inapoachana na mkondo na kugeuka kitu kingine: nuru na joto kwenye balbu, mwendo kwenye mota, nishati ya kemikali kwenye betri inayochajiwa, au joto lisilotakiwa kwenye skrubu iliyolegea. Nishati haipotei, inabadili umbo tu. Kwa hiyo kifaa kikigoma, au hesabu ikikataa kulingana na kipimo, swali ni lile lile: volti zimeshukia wapi, na je, hapo ndipo zilipotakiwa kushukia?

Hatua za kupima kwa mkono zilizoko hapa ni za umeme mdogo: seli kavu, betri za volti 12 na adapta zake. Umeme wa ukutani, wa volti 110 hadi 240, unaua. Tunapoufikia, tutausoma kwa nje na kuupigia hesabu, hatutaufungua.

Andaa multimita (kifaa cha kupima volti, ampea na omu), waya mbili zenye klipu, kipande cha msasa laini, na seli moja mpya unayojua ni nzima. Kabla ya yote, jaribu multimita yenyewe. Kwenye seli mpya ya volti 1.5 isome kati ya 1.5 na 1.6. Kisha iweke kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo, na ugusanishe ncha zake mbili. Itasoma kitu kama 0.2 hadi 0.5. Huo ni ukinzani wa waya zake yenyewe, uandike pembeni na uutoe kila unapopima omu ndogo. Usiiruke hatua hii hata kama una haraka, maana saa nyingi hupotea kutafuta kosa kwenye saketi nzima wakati kosa liko kwenye multimita.

Balbu haiwaki kabisa

Tuchukue saketi ndogo: seli mbili kwa mfululizo (volti 3), swichi, na balbu ya 2.5 V yenye mkondo wa 0.3 A (ampea 0.3). Usianze kwa kung'oa waya. Ukizing'oa unafuta ushahidi, na mara nyingi unaporudishia saketi inawaka bila wewe kujua kilichokuwa kibovu, kisha kesho inazima tena.

Washa swichi. Weka multimita kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kiwango cha 20. Ncha nyeusi ibaki kwenye hasi ya betri muda wote. Ncha nyekundu itembeze ukiufuata mkondo: chanya ya betri, mguu wa kwanza wa swichi, mguu wake wa pili, upande wa kwanza wa balbu, upande wake wa pili, kisha urudi hadi hasi. Andika namba za kila kituo.

Ukipata 3.0, 3.0, kisha 0, swichi haipitishi. Volti zote tatu zimesimama kati ya miguu yake miwili. Jambo hili huwashangaza wanaoanza, wakidhani palipokatika patasoma sifuri. Mambo ni kinyume. Mkondo usipopita, waya na balbu havishushi volti hata moja, hivyo tofauti yote inabaki pale penye mwanya. Njia ya mkato ni kuweka ncha mbili za multimita juu ya swichi iliyowashwa: nzima itasoma karibu sifuri, iliyokatika itasoma volteji yote ya betri.

Ukipata 3.0 upande wa kwanza wa balbu na 3.0 upande wa pili pia, balbu imeunganika na chanya lakini njia ya kurudi hasi imekatika. Hapa wengi hubadilisha balbu bure. Fuata waya wa kurudi.

Ukipata 3.0 upande mmoja na 0 upande mwingine, na bado giza, umeme umefika mlangoni na njia ya kurudi ipo, ila balbu haipitishi. Kabla ya kuitupa, itoe na uangalie kilimi cha shaba kilicho chini ya holda. Kikibonyea sana hakigusi kitako cha balbu. Tenganisha betri, kiinue kidogo kwa ncha ya bisibisi, kipitishe msasa mara mbili tatu, jaribu tena. Kisha pima balbu yenyewe kwa omu ikiwa nje ya saketi.

Hapo utakutana na namba itakayokupa mashaka. Balbu ya 2.5 V na 0.3 A inatakiwa kuwa na ukinzani wa omu 8.3, lakini multimita itasoma omu moja hivi. Balbu ni nzima. Uzi wa tangsteni ukiwa baridi una ukinzani kama sehemu moja ya kumi ya ule wa ukiwa unawaka. Ndiyo sababu pia balbu za uzi hukatika zaidi wakati wa kuwashwa: kwa kitambo kidogo sana mkondo unaoingia ni mara kadhaa ya ule wa kawaida. Ukichora grafu ya volti dhidi ya mkondo kwa balbu kama hii na ikapinda, grafu yako ni sahihi. Kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inadai halijoto isibadilike, na uzi wa balbu hauwezi kutimiza sharti hilo.

Je, betri yenyewe inasoma sifuri au pungufu mno? Angalia jinsi seli zilivyokaa. Seli mbili, moja ikigeuzwa, zinafutana na kutoa 0. Seli tatu, moja ikigeuzwa, zinatoa volti 1.5 badala ya 4.5. Ni kosa la kawaida kabisa kwenye visanduku vya plastiki ambavyo alama zake zimefutika.

Kama taa ni ya LED, kuna chanzo kingine: LED hupitisha mkondo upande mmoja tu. Igeuze. Na isiwe bila rezista, kipande cha kuupunguza mkondo. Kwa LED nyekundu inayoshusha volti 2, kwenye betri ya 12 V, ukitaka mkondo wa miliampea 15, toa 2 kwenye 12 upate 10, gawanya kwa 0.015, unapata omu 667. Chukua 680. Rezista hiyo itageuza wati 0.15 kuwa joto, kwa hiyo ya robo wati inatosha.

Inawaka hafifu, au inaanza vizuri kisha inafifia

Hapa ndipo penye hitilafu nyingi kuliko kwingine kote, na ndipo kipimo cha haraka kinapodanganya zaidi. Mtu anapima seli ikiwa peke yake, anaona 1.45, anasema nzima. Seli isiyofanya kazi haiwezi kuonyesha uchovu wake. Pima ikiwa imebeba mzigo.

Mfano: seli inasoma 1.5 V ikiwa huru. Ukiiunganisha na balbu inayovuta 0.3 A inashuka hadi 1.2 V. Volti 0.3 zimeshukia ndani ya seli yenyewe. Gawanya 0.3 kwa 0.3: ukinzani wa ndani ni omu 1. Sasa hesabu nishati. Kila sekunde kemikali za seli zinatoa juli 0.45, balbu inapata 0.36, na 0.09 zinaipasha seli moto. Sehemu moja kwa tano ya nishati haitoki nje ya ganda lake. Seli ya alkali iliyo mpya huwa na ukinzani wa ndani wa sehemu ya kumi chache za omu tu, na ukinzani huo hupanda kadiri inavyochoka na inapokuwa baridi. Ndiyo maana seli "iliyokufa" kwenye tochi bado huendesha saa ya ukutani kwa miezi: saa inavuta mkondo mdogo mno kiasi kwamba omu hizo hazina uzito.

Betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika isome 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa, karibu 12.2 ikiwa nusu, na chini ya 11.9 ikiwa imekwisha. Usiipime ikiwa imetoka tu kwenye chaji. Itasoma volti 13 na kitu, na utaamini imejaa.

Betri ikiwa nzima hata chini ya mzigo, hamia kwenye viungo. Balbu au mota ikiwa inafanya kazi, weka ncha za multimita pande mbili za kila kiungo, kila swichi, kila klipu, ukiwa kwenye kiwango cha 2 V. Kiungo kizuri kwenye saketi ya volti 12 kisishushe zaidi ya volti 0.1. Kinachoshusha 0.5 ndicho unachokitafuta. Kipimo cha omu hakikusaidii hapa, kwa sababu multimita inapopima omu inapitisha mkondo mdogo sana, na nyuzi tatu za shaba zilizobaki bila kukatika zinaupitisha bila taabu. Tatizo la nyuzi tatu linaonekana mkondo ukiwa mkubwa.

Kitazame kiungo kibaya kwa karibu. Shaba imetoka kwenye wekundu wake unaong'aa na kuwa kahawia au nyeusi. Plastiki ya waya iliyo karibu imekakamaa, imekunjamana au inavunjika ukiikunja. Skrubu ina rangi ya chuma kilichopita motoni. Yote hayo yametokana na omu 0.1 tu: mkondo wa ampea 10 ukipita hapo, volti 1 inashuka, na wati 10 za joto zinatoka kwenye nafasi ndogo kama punje ya mchele. Pasi ndogo ya kulehemu ina wati 25. Na kiungo kama hicho hakitulii. Joto linaoksidisha shaba, tabaka hilo linaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, hadi plastiki inayeyuka. Kukaza skrubu juu ya waya ulioungua hakutibu chochote. Tenganisha umeme, kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, menya upya, safisha kituo cha skrubu kwa msasa, kisha kaza. Kama kituo chenyewe kimekuwa cheusi, badilisha.

Viungo vyote vikiwa safi na taa bado hafifu, waya ni nyembamba mno kwa urefu wake. Shaba ya milimita mraba 1 ina ukinzani wa omu 0.017 kwa kila mita. Taa ikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, mkondo unasafiri mita 20, kwenda na kurudi, na watu husahau kurudi. Kwa waya wa milimita mraba 1.5, mita 20 ni omu 0.23. Ampea 5 zikipita, volti 1.15 zinashukia njiani na wati karibu 6 zinapasha hewa. Kwa waya wa milimita mraba 4 upungufu ni volti 0.43 tu. Urefu huo huo kwenye umeme wa volti 230 usingeonekana kabisa. Umeme wa volti ndogo unadai waya nene, na kwenye mitambo ya volti 12 waya nyembamba ndio ugonjwa unaojirudia kuliko wowote.

Dalili nyingine inayofanana: balbu mbili kwa mfululizo, moja inawaka, nyingine kama imezimika. Hakuna iliyoharibika. Umechanganya wati. Kwenye mfululizo mkondo ni mmoja, kwa hiyo balbu yenye ukinzani mkubwa, yaani ile ya wati chache, ndiyo inayochukua volti nyingi. Ziweke sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, au tumia zinazofanana.

Fyuzi inakatika, waya au betri inapata moto

Tenganisha betri kwanza, fikiri baadaye. Seli kavu moja yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.2, ukiunganisha ncha zake kwa waya mtupu, inapitisha ampea 7.5 na kuzalisha wati 11 ndani ya ganda lake. Betri za lithiamu na za asidi zina ukinzani wa ndani mdogo zaidi, hivyo mkondo wa shoti ni mkubwa mara nyingi na unaweza kuwasha moto. Usijaribu shoti kwenye betri hizo hata kwa sekunde.

Angalia fyuzi inakatika lini. Ikikatika papo hapo, ni shoti. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, ni mzigo uliozidi, au kiungo kinachopasha kishikio cha fyuzi. Kuitafuta shoti, acha betri nje, weka multimita kwenye omu kati ya waya wa chanya na wa hasi, kisha ondoa kifaa kimoja kimoja. Namba itakaporuka kutoka karibu sifuri kwenda juu, kifaa ulichokitoa mwisho ndicho. Isiporuka baada ya kuondoa vyote, shoti iko kwenye waya zenyewe. Kagua mahali zinapopita kwenye kona za bati na chini ya misumari.

Usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyotoka, na usiweke kipande cha waya. Fyuzi huchaguliwa kulinda waya. Ukiiongeza, kitakachokatika ni waya ndani ya ukuta.

Multimita inasoma kitu kisichoeleweka

Ampea zinasoma sifuri, na saketi inazima kila unapoiingiza multimita: fyuzi ya ndani ya multimita imekatika. Karibu kila mara chanzo ni mtu aliyeacha ncha kwenye tundu la ampea kisha akapima volti. Multimita ya ampea ni kama kipande cha waya. Inakaa ndani ya mfululizo wa saketi, kamwe haiwekwi juu ya betri wala kwenye soketi. Rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti kila unapomaliza kupima mkondo, na badilisha fyuzi kwa ile ile iliyoandikwa. Soma pia maandishi kando ya tundu la 10 A. Kwenye multimita nyingi za kawaida tundu hilo halina fyuzi kabisa.

Alama ya kutoa mbele ya namba inamaanisha ncha zimebadilishana tu. "1" peke yake upande wa kushoto, au "OL", ni kiwango kidogo kuliko unachopima, au njia iliyokatika ukiwa kwenye omu.

Waya ambao haujaunganishwa popote unasoma volti 40 au 80 za AC (umeme wa kugeukageuka, kama wa ukutani): ni umeme wa kivuli. Multimita ya dijitali ina ukinzani wa omu milioni 10, kwa hiyo hata chaji kidogo inayorukia kutoka waya jirani wenye umeme inatosha kuisukuma. Volteji hiyo hutoweka ikipewa mzigo wowote. Lakini usiikisie kuwa ni kivuli kwa kuangalia tu. Kwenye umeme wa ukutani mwite fundi athibitishe.

Omu zinasoma pungufu ya zilizoandikwa kwenye rezista: umeipima ikiwa ndani ya saketi, na kuna njia nyingine sambamba. Inyanyue mguu mmoja. Rezista kubwa, za omu laki kadhaa, usizibane kwa vidole vya mikono yote miwili. Mwili wako unakuwa njia sambamba. Na volti za kila kitu zikianza kusoma juu kuliko kawaida, badilisha betri ya multimita. Betri iliyochoka mara nyingi huzidisha namba, haizipunguzi.

Jaribio la kupasha maji: joto halifiki kwenye hesabu

Hita ya 12 V, 50 W, maji nusu kilo, dakika 5. Hesabu ya daftari: 50 mara 300 ni juli 15,000. Gawanya kwa 0.5 mara 4,200 (juli za kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja), unapata nyuzi joto 7.1. Kipimajoto kinasema 5.8. Wengi huandika "joto limepotea hewani" na kufunga daftari. Jibu hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, na inafaa kuzitafuta juli zenyewe.

Kwanza, wati 50 ni za kwenye lebo. Pima volti kwenye miguu ya hita, mkondo ukiwa unapita. Usipime kwenye chanzo cha umeme, la sivyo utahesabu pia nishati iliyobaki kwenye waya. Tuseme umepata 11.4 V na 3.9 A. Hiyo ni wati 44.5, na kwa dakika 5 ni juli 13,338. Nyuzi zinazotarajiwa tayari zimeshuka hadi 6.35. Pili, chombo nacho kimepata joto. Kikombe cha alumini cha gramu 100 kinachukua juli 90 kwa kila nyuzi, juu ya 2,100 za maji. Sasa unatarajia 6.1. Kilichobaki kati ya 6.1 na 5.8 ndicho kilichokwenda hewani: juli 640 hivi, chini ya asilimia 5. Sehemu kubwa ya "hasara" ilikuwa lebo.

Kuipunguza hiyo asilimia, funika chombo, kivishe sufi au sponji, na anza na maji yaliyo chini ya joto la chumba kwa kiasi kile kile utakachomalizia juu yake. Chumba kikiwa 25, anza 22, maliza 28. Joto linaloingia nusu ya kwanza linafidia linalotoka nusu ya pili. Ukizima hita usisome papo hapo. Koroga, subiri namba ifike kileleni, ndipo uandike, kwa kuwa hita ilikuwa bado na joto lake.

Jibu likizidi hesabu, hukukoroga na kipimajoto kilikuwa jirani na hita, au maji yalikuwa pungufu ya gramu 500. Pima maji kwa mizani.

Jaribio la kugeuza mwendo kuwa joto kwa bomba lenye marisau, yaani vipunje vya madini ya risasi, lina ugonjwa wake. Bomba la mita 1 likipinduliwa mara 50, kila kilo ya marisau inapata juli 490, na kwa kuwa risasi inahitaji juli 130 tu kwa kilo kwa kila nyuzi, joto linapanda nyuzi 3.8. Uzito wa marisau haubadilishi jibu. Ukipata nyuzi 2, marisau yaliteleza ubavuni mwa bomba badala ya kuanguka urefu wote. Pindua kwa haraka na usimamishe wima. Nawa mikono baadaye, risasi ni sumu.

Birika la umeme linachelewa kuchemsha

Lita 1 kutoka nyuzi 20 hadi 100 inahitaji juli 336,000. Birika la wati 2,000 lingezitoa kwa sekunde 168 kama hakuna kinachopotea. Sekunde 190 hadi 210 ni kawaida. Likizidi hapo sana, chanzo cha kwanza cha kushuku ni volteji iliyoshuka, kwa sababu nguvu ya hita inafuata mraba wa volteji. Volteji ikipungua asilimia 10, kutoka 230 hadi 207, wati zinapungua asilimia 19 na kubaki 1,620. Ukoko mweupe wa chokaa kwenye hita hausababishi ucheleweshaji mkubwa kama watu wanavyodhani. Madhara yake ni kuifanya hita yenyewe ipate moto kupita kiasi na kufa mapema. Plagi yenye joto kali unapoishika, hata hivyo, ni ile ile habari ya kiungo kibaya. Acha kuitumia soketi hiyo hadi fundi aifungue.

Yuniti zinakwisha kuliko hesabu

Kosa la kwanza liko kwenye ulimi. Watu husema "kilowati kwa saa", kana kwamba ni kugawanya. Yuniti ni kilowati-saa: kilowati *mara* saa. Wati ni kasi ya kutumia nishati, kilowati-saa ni nishati yenyewe, juli 3,600,000. Aliyeshika "kwa saa" hugawanya pale anapotakiwa kuzidisha, na hesabu haikai sawa tena.

Mita ya umeme ya dijitali ina kitaa kinachopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa yuniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita hiyo, kila mpepeso ni juli 3,600. Wati zinazotumika sasa hivi ni 3,600 gawanya kwa sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kama imeandikwa 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600.

Zima kila kitu na chomoa plagi zote. Tazama kitaa kwa dakika 10. Kisitikisike. Kikipepesa kila baada ya dakika 4, kuna wati 15 zinavutwa na kitu ulichokisahau, na kwa siku 30 hizo ni yuniti 10.8. Kikiendelea hata baada ya kuzima swichi kuu ya nyumba, toa taarifa kwa wanaosambaza umeme. Usifungue mita.

Kisha ipime mita kwa mzigo unaoujua. Birika la wati 2,000 lililojaa maji baridi, kila kingine kikiwa kimezimwa: mipepeso 20 itachukua sekunde 36 kwenye mita ya 1000. Ikichukua 44, usiseme mita ni mbovu. Hizo ni zile wati 1,620 za volteji iliyoshuka, na mita imehesabu kwa haki.

Ukizidisha volti na ampea za friji au feni ukapata zaidi ya mita inavyohesabu, zote mbili ziko sawa. Kwenye mota za AC mkondo na volti haviendi hatua moja, hivyo zao lao ni kubwa kuliko wati halisi, na mita ya nyumbani inahesabu wati halisi. Friji nayo haivuti wati zake siku nzima. Ya wati 120 inayofanya kazi theluthi ya muda hutumia yuniti 0.96 kwa siku. Ikiwa kompresa haipumziki hutumia 2.88. Angalia mpira wa mlango kwanza: bana karatasi kwenye mlango, ukiivuta ikateleza bila kushikwa, hewa ya joto inaingia. Kisha safisha vumbi kwenye mabomba ya nyuma.

Pawabenki ya 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili

Miliampea-saa haipimi nishati hadi ujue ni za volti ngapi. Zile 10,000 ni za seli ya ndani, ya volti 3.7: wati-saa 37. Simu yenye betri ya 5,000 kwa volti 3.85 inahitaji wati-saa 19. Njiani umeme unapandishwa hadi volti 5, kisha unashushwa tena ndani ya simu, na kila mgeuko unaacha joto, ndiyo maana vyote viwili unavisikia vya vuguvugu mkononi. Ukipoteza asilimia 15 upande wa pawabenki na 12 upande wa simu, wati-saa 27 na nusu ndizo zinazofika, yaani kujaza mara moja na karibu nusu. Ukipata hapo, pawabenki ni nzima. Ukipata chini ya mara moja, badilisha waya wa chaji kabla ya kuilaumu seli. Waya mrefu na mwembamba unashusha volti, na simu inapokea chaji polepole huku saketi ya pawabenki ikiendelea kula nishati yake yenyewe muda wote huo.